Tofauti ya Moja Tu

Wasikilizaji wangu, leo nawaomba kitu ambacho sijawahi kuwaomba katika kipindi hiki: kalamu na kipande cha karatasi. Aliye kwenye daladala asihangaike, vidole vitamtosha. Na aliye jikoni asogeze redio karibu, maana baadaye kidogo nitamtuma kabatini.

Juzi jioni alinijia jirani yangu, mkulima, mkononi ana karatasi mbili zilizokunjwa mara nne. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini watu wameanza kupeleka udongo kupimwa kabla ya mvua, na yeye alikuwa amepeleka wa mashamba yake mawili: la bondeni, ambalo mahindi yake hayana maneno, na la mlimani, ambalo kila mwaka mahindi hufika kiunoni yakadumaa hapo hapo. Karatasi ya bondeni imeandikwa pH 5.8. Ya mlimani, pH 4.8. Chini yake kulikuwa na mistari mingine kadhaa, hiyo hakuisoma.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa tofauti ni moja tu. Sasa moja nayo ni ya kununulia chokaa?"

"Hiyo moja yako ni kumi," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya akadhani hakusikia vizuri.

Mazungumzo yale yalitufikisha saa tatu usiku, na nimeona niyalete hapa hewani kwa sababu yule bwana hayuko peke yake. Nimefundisha kemia miaka mingi. Wengi wa wanafunzi wangu walioikokotoa pH bila kukosea hata desimali moja walikuwa hawajui wamekokotoa kitu gani. Kosa si lao; sisi ndio tuliowafundisha kubonyeza kikokotoo kabla ya kuwaonyesha kinachohesabiwa.

Basi tuanze na kinachohesabiwa. Molekuli ya maji ni oksijeni moja na hidrojeni mbili. Mara chache sana molekuli moja huachia hidrojeni yake, na hidrojeni hiyo ikiondoka huiacha elektroni nyuma, ikabaki na chaji chanya. Hiyo ndiyo ioni ya hidrojeni. Haikai peke yake. Hudandia molekuli ya maji iliyo jirani kama abiria wa bodaboda, kisha ikahamia nyingine, na nyingine. Asidi ni kitu kinachomwaga ioni hizi majini. Uchachu unaoukunja uso ukilamba ndimu unatokana na ioni hizo.

Ni ngapi? Mwenye duka la kanga huhesabu kwa korija, ishirini ishirini. Wa mayai huhesabu kwa trei. Mwanakemia ana korija yake, anaiita moli, ila ndani ya moli hazimo 20: imo 6 ikifuatwa na sufuri 23. Ukichukua lita moja ya maji safi, kwenye joto la nyuzi 25 za sentigredi, ioni huru za hidrojeni zilizomo ni moli 0.0000001. Umezihesabu hizo sufuri nilipozitamka? Umepotea njiani? Hata mimi hupotea. Ndiyo maana tunasema kwa vipeo, 10 kipeo hasi 7. Maana yake, katika molekuli za maji milioni 555, iliyoachia hidrojeni yake ni moja tu. Juisi ya ndimu nayo inakaribia 10 kipeo hasi 2. Kati ya namba hizo mbili kuna mara laki moja, na zote mbili unaweza kuzimwagia kwenye sahani moja ya kachumbari.

Aliyechoka kabla yetu kuandika sufuri hizi alikuwa Mdenmaki mmoja, Søren Sørensen, mwaka 1909, mjini Copenhagen, katika maabara ya Carlsberg. Ndiyo, Carlsberg hiyo hiyo ya bia. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, alianzisha maabara hiyo mwaka 1875 ili sayansi ya kimea na uchachushaji isiwe mambo ya kubahatisha. Kabla ya Sørensen, idara ya kemia iliongozwa na Johan Kjeldahl, ambaye njia yake ya mwaka 1883 ya kupima naitrojeni katika nafaka inatumika hadi leo. Sørensen alishika nafasi hiyo mwaka 1901.

Yeye alikuwa akichunguza vimeng'enya, vile vinavyofanya kazi katika shayiri inayochipua na hata tumboni mwako. Shida ikawa hivi. Ukimimina asidi kiasi kile kile katika glasi mbili, moja ya maji matupu na nyingine yenye protini, vimeng'enya havitatenda sawa. Protini huzikamata ioni za hidrojeni na kuzificha. Asidi uliyoimimina ipo, lakini haipo huru. Sørensen akasema kinachofaa kupimwa si asidi iliyomiminwa, ni ioni zilizo huru. Akazipima, akapata zile namba zenye sufuri kama mchanga, akaamua kuandika kipeo peke yake na kukivua ile hasi. 10 kipeo hasi 7 ikawa 7 tu. Akaiandika p, na H ndogo chini yake. Hiyo p maana yake nini, watu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni "kipeo", kwa kuwa katika Kijerumani na katika Kifaransa neno hilo huanza na p; wengine wanasema ilikuwa herufi tu ya kutofautisha kimiminika kimoja na kingine katika chombo chake, hiki p na kile q. Mimi ubishi huo nimewaachia wenyewe.

Sasa kalamu.

Kanuni yenyewe ni fupi: pH ni logi ya ukolezi wa ioni za hidrojeni, iliyogeuzwa alama. Neno logi limewafukuza wengi darasani, nami nakumbuka kile kitabu chembamba cha majedwali, na zile namba zenye mstari juu tulizoziita "baa", ambazo hazikumlevya mtu ila zilimtoa jasho. Lakini logi ni swali tu. Inauliza: 10 niipandishe kwenye kipeo gani ndipo nipate namba hii? Ya 100 ni 2. Ya 1000 ni 3. Ya 10 kipeo hasi 7 ni hasi 7. Geuza alama, unapata 7. Kwa namba zilizonyooka hivi, hata mtoto wa darasa la saba anaikokotoa pH huku anaruka kamba.

Ugumu unakuja mbele ya ile 10 inapokaa namba nyingine: 2, au 4, au 8. Hapo usikimbilie simu. Shika namba nne tu kichwani. Logi ya 2 ni 0.3. Ya 3 ni 0.48. Ya 5 ni 0.7. Ya 7 ni 0.85. Hizo nne ni mtaji wako. Zilizobaki utazitengeneza mwenyewe, kwa sababu kwenye logi kuzidisha hugeuka kujumlisha. 4 ni 2 mara 2, basi logi yake ni 0.3 na 0.3, yaani 0.6. 8 ni 2 mara 4: 0.9. 6 ni 2 mara 3: 0.78. John Napier wa Scotland alitoa zawadi hiyo mwaka 1614, na kwa miaka zaidi ya mia tatu mabaharia na wahandisi waliishi nayo.

Tuijaribu kwenye siki. Siki ya dukani ya asilimia 5 ina asidi ya asetiki karibu moli 0.8 katika lita. Mwenye pupa ataanza kukokotoa na hiyo 0.8. Ngoja kwanza. Asidi ya siki ni bahili: kwenye molekuli 200 haitimii hata moja iliyoachia hidrojeni yake. Zilizo huru ni moli 4 mara 10 kipeo hasi 3, basi. Hizo ndizo za kuhesabu. Chukua kipeo bila alama yake, 3. Toa logi ya 4, ambayo ni 0.6. Unabaki na 2.4. Hiyo ndiyo pH ya siki. Na kwa nini tunatoa, hatujumlishi? Kwa sababu ile 4 imeongeza ioni, na ioni zikiongezeka pH hushuka. Ukiwahi kusahau utoe au ujumlishe, jiulize hilo tu.

Sasa damu yako. Katika lita moja ya damu ya mtu mzima wa afya, ioni huru za hidrojeni ni moli 4 mara 10 kipeo hasi 8. Kipeo ni 8, toa 0.6, unapata 7.4. Angalia jinsi siki na damu zilivyo na 4 ile ile mbele na 0.6 ile ile. Kilichobadilika ni kipeo. 2.4 na 7.4, tofauti 5, yaani sufuri tano. Siki ina ioni mara 100,000 ya damu.

Hapa kwenye damu naomba tukae kidogo, maana ndipo hii hesabu inapoweza kumdanganya mtu vibaya. Mwili hautaki mchezo na namba hii. Huishikilia kati ya 7.35 na 7.45. Sasa mgonjwa wa kisukari ameletwa hoi, anahema kwa nguvu, damu imejaa asidi. Kipimo kinasema 7.1. Ndugu waliokaa nje wanaambiwa, "Ilitakiwa 7.4, imekuwa 7.1," wanatazamana: kumbe imepungua kidogo tu. Turudi nyuma kwa njia tuliyojia. 7.1 ni 8 toa 0.9. Na 0.9 ni logi ya nani? Ya 8. Kwa hiyo ioni sasa ni 8 mara 10 kipeo hasi 8. Zilikuwa 4, zimekuwa 8. Zimeongezeka maradufu! Kama karatasi ingeandikwa "kutoka 40 hadi 80", hakuna ndugu ambaye angekaa chini. Wapo madaktari, Uingereza hasa, wanaopenda kuandika hivyo hivyo, 40 na 80 za nanomoli, kila moja ikiwa sehemu ya bilioni ya moli, na mimi nipo upande wao.

Basi shikeni kanuni hii moja hata mkisahau nyingine zote: pH ikishuka kwa 0.3, ioni zimezidi mara mbili. Ikishuka kwa 0.7, mara tano. Ikishuka kwa 1, mara kumi. Na ikishuka kwa 0.1 tu, zimezidi kwa asilimia 26, robo na ushei. Hiyo ya mwisho iulizeni bahari. Tangu viwanda vya makaa vianze kufuka, maji ya juu ya bahari za dunia yameshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1, kwa sababu hewa ya kaboni dioksidi inayeyuka ndani yake na kutoa asidi. Bahari haijawa asidi, bado ni besi, yaani kinyume cha asidi. Lakini matumbawe ya Mafia na ya Pemba, na kila kiumbe kinachojijengea gamba la chokaa, yanatakiwa kujenga nyumba ile ile kwenye maji ambayo ioni zake zimeongezeka robo nzima. Mtu anasoma gazetini "nukta moja" anafungua ukurasa wa michezo.

Ningekuwepo Copenhagen mwaka ule ningemwomba Sørensen aiache ile hasi ilipo. Aliivua kwa nia njema, kurahisisha uandishi, na matokeo yake tangu 1909 tuna kipimo cha asidi ambacho asidi ikizidi, chenyewe kinapungua. Hakuna mwalimu wa kemia asiyewahi kusahihisha karatasi iliyosema siki ni dhaifu kuliko damu kwa kuwa 2.4 ni ndogo kuliko 7.4. Lakini imeshakuwa, na dunia nzima imeizoea.

Aliye jikoni, zamu yako imefika. Una rozela, wengine wanaiita choya? Chemsha maua yake kidogo, chuja, yapoe. Mimina kwenye vikombe vitatu. Kimoja kiache. Cha pili kamulia ndimu: wekundu unang'aa zaidi. Cha tatu tia magadi, chembe tu kwenye ncha ya kijiko, maana yatatoa povu. Tazama vizuri. Wekundu unafifia, unakuwa zambarau, ukiongeza chembe nyingine unaelekea bluu yenye ukijani, rangi ambayo hakuna mgeni atakayekubali kuinywa. Magadi yanazila ioni za hidrojeni, na rangi ya rozela hubadilika kadiri zinavyopungua. Karatasi za rangi tunazochovya maabara hufanya kazi hiyo hiyo.

Rangi ina mipaka yake, lakini. Huko California mwaka 1934, wenye viwanda vya malimau walikuwa wanaweka dioksidi ya salfa kwenye juisi ili isiharibike, na dawa hiyo ikawa inazifuta rangi za vipimo. Mmoja wa watu wao akamwendea Arnold Beckman, waliyesoma pamoja. Beckman akamtengenezea chombo cha umeme chenye kijiti cha kioo kisichojali rangi. Mashine ya kupimia pH unayoiona leo maabara imetokana na limau. Na chombo hicho hakihesabu ioni moja moja. Kinapima volti, na volti hupanda na kushuka sawasawa na logi. Kwa hiyo ile logi tunayoilaumu darasani, kioo kinaijua bila kufundishwa.

Nimetaja magadi. Yanatoka maziwa kama Natron na Magadi, kwenye Bonde la Ufa, ambako pH ya maji hupita 10. Chukua 10.5: ni 11 toa 0.5, na 0.5 iko jirani na 0.48, logi ya 3. Ioni ni 3 mara 10 kipeo hasi 11. Maji safi yanazo zaidi ya mara elfu tatu ya hizo. Maji hayo yanachoma ngozi, na bado heroe, wale flamingo wadogo, wamechagua Natron kuwa mahali pao pakuu pa kutagia Afrika Mashariki. Adui mwenye miguu laini hawafikii.

Sasa mtego, kwa ajili ya watoto wa kidato cha nne na wazazi wao. Swali: una asidi ya hidrokloriki, ukolezi wake moli 10 kipeo hasi 8 kwa lita. Asidi hii si bahili kama ya siki, inaachia kila kitu. Tafuta pH. Nililiuliza darasa zima swali hili mwaka mmoja, nikapata jibu moja kutoka kila dawati: 8. Kanuni imefuatwa, kikokotoo kimebonyezwa, alama imegeuzwa. Nikawauliza: jamani, pH 8 ni nini? "Besi, mwalimu." Kwa hiyo mmemimina asidi ndani ya maji, maji yakawa besi? Kimya. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa na sifa ya kupenda kemia, akasema polepole, "Mwalimu, mbona maji yenyewe hatukuyahesabu?"

Ndiyo hivyo. Maji yalikuwa na ioni zake tangu mwanzo, 10 kipeo hasi 7, na hizo ni mara kumi ya zile tulizoleta sisi. Tumeingia kwenye nyumba yenye watu kumi, tukajihesabu sisi tu mmoja, tukasema humu yumo mtu mmoja. Ukijumlisha vizuri, na kukumbuka kwamba maji nayo hupunguza kidogo kuachia ioni zake yakiletewa nyingine, unapata 1.05 mara 10 kipeo hasi 7, na pH ni 6.98. Asidi, lakini asidi ya kunong'ona. Yule kijana nilimpa alama zote, na kikokotoo hakuwa nacho.

Na msidhani 7 ndiyo katikati ya dunia. Maji yakipashwa moto huachia ioni zaidi; kwenye nyuzi 60, pH ya maji safi ni karibu 6.5, na bado si asidi, kwa kuwa ioni za upande wa pili, zile zinazobaki molekuli ya maji ikiachia hidrojeni yake, nazo zimeongezeka sawa. Wala 0 na 14 si kuta. Katika mgodi wa zamani wa Richmond, California, yamepimwa maji yenye pH hasi 3.6. Aliyewafundisha kwamba pH haiwezi kuwa hasi msameheni, pengine ni mimi.

Nirudi kwa jirani yangu, nilimwacha kwenye kiti na karatasi zake.

Alipokubali kwamba moja ni kumi, akatafuta njia ya mkato. "Basi nichukue wastani," akasema, "4.8 na 5.8, katikati 5.3. Ninunue chokaa ya 5.3 nimwage kote." Nikamwambia tuhesabu. 4.8 ni 5 toa 0.2. Na 0.2 ni 0.9 toa 0.7, yaani 8 gawanya kwa 5, yaani 1.6. Shamba la mlimani: 1.6 mara 10 kipeo hasi 5, tuandike 16 mara 10 kipeo hasi 6 ili zilingane. La bondeni: 1.6 mara 10 kipeo hasi 6. Jumlisha, gawanya kwa mbili: 8.8. pH yake inakuja karibu 5.1, si 5.3. Lenye asidi nyingi linamvuta mwenzake. Na hata hiyo 5.1 ni ya kwenye karatasi, haipo shambani. Mahindi hayaoti kwenye wastani. La bondeni halina shida. La mlimani ndilo linaloumwa.

Linaumwaje? pH ya udongo ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyolala ndani ya mfinyanzi huanza kuyeyuka. Ikiyeyuka inaunguza ncha za mizizi. Ng'oa hindi kwenye shamba kama hilo utaona mizizi mifupi, minene, imekatikakatika kama imepigwa panga butu. Mbolea unaiweka, mizizi haiifikii. Na fosforasi iliyopo inakamatwa na alumini hiyo hiyo. Kwa hiyo mwaka baada ya mwaka yule bwana alikuwa ananunua mbolea ya kuulisha udongo, si mahindi. Chai ingekuwa jambo jingine. Mchai hupenda 4.5 hadi 5.5, na pale mlimani ungestawi vizuri. Nilipolisema hilo alicheka, akasema watoto hawali chai bila ugali.

"Haya," akasema, "ioni ni mara kumi. Basi na chokaa ni mara kumi?"

Swali zuri kuliko yote ya jioni ile, na jibu ni hapana. Tukarudi kwa Sørensen na glasi zake mbili. pH inakuonyesha ioni zilizo huru, zile zinazozurura kwenye maji ya udongo. Haikuonyeshi zilizoshikwa na mfinyanzi na mboji. Ukimwaga chokaa inawala walio nje, waliojificha wanatoka kuziba pengo, pH inakaa pale pale kama imegoma. Udongo wa kichanga hauna pa kuwaficha. Chokaa kidogo inatosha. Mfinyanzi mwekundu kama wa kwetu una maficho mengi. Mashamba mawili yenye pH 4.8 yanaweza kutaka chokaa tofauti kabisa, na huwezi kujua kwa kuangalia pH peke yake hata ukiwa bingwa wa logi. Maabara inayojua kazi yake hufanya kipimo cha pili, cha hao waliojificha.

Nikamwomba ile karatasi ya mlimani, nikaikunjua yote. Mstari wa nne kutoka chini kiasi cha chokaa kwa ekari kilikuwa kimeandikwa, kimepigiwa mstari. Akavaa miwani akausoma mara mbili.

Muda wangu umekwisha. Aliyebaki na karatasi nampa hesabu moja ya kwenda nayo. Mvua safi inapodondoka huyeyusha kaboni dioksidi ya hewani, na ioni zake za hidrojeni zinafika moli 2.5 mara 10 kipeo hasi 6 kwa lita. Logi ya 2.5 sikuwapa, lakini mtaji mnao: 2.5 ni 5 gawanya kwa 2, na kwenye logi kugawanya ni kutoa. Mkipata 5.6, mmepatia. Hiyo ndiyo pH ya mvua ambayo haijachafuliwa na kiwanda chochote.